Empi Foo ya Mwanjelwa

Basi la Mbeya kwenda Iringa lina sinema yake, na abiria hana kura. Ukishakaa, kondakta anachomeka diski anayoitaka yeye, kwa sauti anayoitaka yeye, na wewe uliyelipa nauli kazi yako ni kutazama. Miaka ile utaratibu ulikuwa mmoja. Kuanzia stendi hadi Chimala ni kwaya na nyimbo za Injili, maana safari huanza na Mungu, na anayeujua mteremko wa Inyala hawezi kulipinga hilo. Tukishavuka Chimala salama, kwaya inapumzishwa, inaingia filamu ya Kibongo.

Na filamu za Kibongo, kama mnavyokumbuka, zilikuwa zinauzwa vipande viwili, Sehemu ya Kwanza na Sehemu ya Pili, kila kimoja na diski yake na bei yake. Sehemu ya Kwanza ilikuwa inakwisha tukiwa tumeshaiacha Mafinga, mama wa kambo akiwa ndiyo kwanza ameshika kikombe cha chai yenye sumu. Kondakta anatafuta diski ya pili, haioni, anaipata chini ya kiti cha dereva, anaipangusa kwa kitambaa cha vioo, na majina ya waigizaji yanapoanza kupita mnakuwa mmefika Ipogolo. Shuka. Kisa chenyewe kinaishia Morogoro, kwa watu wenye nauli ndefu.

Mimi nimeoa Iringa na kazi yangu iko Mbeya, kwa hiyo sidhani kama Nyanda za Juu Kusini kuna mtu aliyeangalia Sehemu za Kwanza nyingi kunishinda. Najua watu wanavyotegwa. Wanavyonasuka sijui. Hiyo ndiyo sababu, mwaka 2010, nikaenda Mwanjelwa kununua empi foo.

Vijana wa leo hawaijui. Ilikuwa mashine ya kutosha kiganjani, ina kioo chembamba cha kuonyeshea video, vitufe vitano na matundu mawili, moja la iafoni na moja la waya wa kuchajia. Wenye nazo walikuwa wanazivaa shingoni kwa kamba hata zikiwa zimezima. Hasa zikiwa zimezima, maana betri ilikuwa haikai.

Ukoo wake ulikuwa wa heshima. Wajerumani wa taasisi ya Fraunhofer kule Erlangen walihangaika miaka mingi kuubana muziki uwe mdogo bila sikio kushtuka, na Julai 14, 1995 wakakubaliana kwamba mafaili yao yaishie na herufi mp3. Mwaka 1998 Wakorea wakaingiza sokoni MPMan, mashine ya kwanza ya mfukoni ya kuchezea mafaili hayo. Mwaka 2001 Apple wakaja na iPod ya GB 5, wakatangaza kwamba mtu anaweza kutembea na nyimbo 1,000. Kisha Wachina wakatengeneza chipu ya bei ya kutupa, wakaipachika ndani ya kila boksi lililokaa vizuri mkononi, na hiyo ndiyo iliyotufikia sisi, kwa njia ya Tunduma au ya Kariakoo, kutegemea unamuuliza muuzaji gani na yeye amekuonaje.

Soko la Mwanjelwa liliungua mwaka 2006, na wakati ninaokusimulia soko jipya lilikuwa halijafunguliwa, wafanyabiashara wametawanyika kila penye upenyo. Muuzaji wangu alikuwa na meza, mwavuli na maneno.

"Karibu mkubwa. Hii siyo empi thrii, hii ni empi foo. Ina video, ina redio, inarekodi, ina gemu, hata kitabu unasomea humu humu."

"Jibii ngapi?"

"Nane." Akaligeuza boksi, nikaiona nane yenyewe, kubwa, nyekundu, imezungushiwa miale ya jua.

"Orijino?"

"Mkubwa, hii imetoka Tunduma. Siyo mambo ya Kariakoo."

Upande wa pili wa meza alikuwepo mteja mwingine, bwana mmoja wa Vwawa, ambaye kwa Tunduma ni jirani kabisa na asingeweza kudanganywa kwa hilo. Yeye aliambiwa mzigo umetoka Kariakoo moja kwa moja. Wote wawili tuliridhika.

Alianzia elfu sitini. Nikasema ishirini na tano. Akacheka kwa uchungu, akatoa simu akanionyesha picha ya mtoto wake. Na mimi nikamwonyesha ya wa kwangu. Tukamalizana kwa thelathini na tano. Nikauliza gerenti.

"Gerenti ipo, mkubwa. Hadi pale kwenye lami."

Ndani ya boksi mlikuwa na iafoni, chaja, waya mfupi na kidiski kidogo. "Hicho kidiski usikitupe," akasema, na katika yote aliyoyasema asubuhi ile, hilo ndilo lililothibitika.

Kwa sababu empi foo, bwana, ilikuwa haichezi MP4. Ukiiwekea faili la MP4 ilikuwa inakuangalia tu. Chipu yake haikuwa na nguvu za kufungua video ya kawaida, kwa hiyo ilikuwa na aina yake ya faili, AMV, na kila video ilibidi ipitishwe kwanza kwenye kompyuta, kwa programu iliyomo ndani ya kile kidiski, ipunguzwe hadi nukta 160 kwa 120. Kwa kipimo hicho uso wa mtu ni vinukta vichache vya kahawia. Mwigizaji Kanumba unamtambua kwa sauti, na mama wa kambo unamtambua kwa kikombe.

Nikaenda Kabwe, kwenye kibanda chenye bango lililosomeka: TUNAINGIZA NYIMBO, TUNATOA KOPI, PICHA ZA PASIPOTI, MAZIWA MGANDO YAPO. Kijana wa ndani alikuwa amevaa koti la manyoya na glavu zilizokatwa vidole ili abofye vizuri. Wimbo mmoja shilingi mia. Kutoka kwenye mia hiyo msanii alikuwa hapati hata thumni, ingawa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilishatungwa tangu 1999. Nadhani na yenyewe ilipanda basi la Dar kuja Mbeya, ikaishia Sehemu ya Kwanza.

Nilikuwa nimeandika orodha yangu kwenye karatasi, kwa mwandiko mzuri. Mbaraka Mwinshehe, Marijani Rajab, kwaya mbili tatu za kumridhisha mama mkwe, na mwisho kabisa, kwa mstari chini yake, Sehemu ya Pili ya filamu niliyokuwa naidai tangu sikukuu ya Pasaka. Kijana akaisoma orodha yote kwa utulivu.

"Sawa, mzee. Na nafasi itakayobaki nikujazie mchanganyiko?"

"Mchanganyiko wa nini?"

"Vitu vikali."

Nikamwambia afanye anavyoona, nikaketi. Kugeuza filamu moja kuwa AMV ilikuwa kazi ya kutosha kuchemsha maharage yakaiva. Kale kamstari ka kijani kanasogea, kanasimama, kanafikiri, kanasogea. Watu wanaingia, wanatoa kopi za vyeti, wananunua maziwa, wanatoka. Kamstari kakafika asilimia tisini na nne, umeme ukakatika. Kijana hakusema neno. Alivua glavu, akazikunja, akafungua friji akaninywesha maziwa kwa hesabu yake mwenyewe. Tulirudia siku iliyofuata, ikakubali.

Usiku nikajifunika blanketi mbili, nikavaa iafoni. Kwenye orodha majina yote yapo, mamia kwa mamia. Nikabonyeza Marijani. Akaimba ubeti wa kwanza, katikati ya neno akakatika, likafuata gita la mtu mwingine. Nikabonyeza kwaya: kimya. Kwaya ya pili: kimya. Nikabonyeza filamu, ikaanza vizuri. Mchanganyiko wa vitu vikali, nao, ulikuwa mzima wote, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho.

Kijana wa Kabwe aliichomeka, akabofya bofya, akatikisa kichwa. "Mzee, hii ni jibii moja, imevaa suti."

Ujanja wenyewe ni wa akili, lazima niuheshimu. Memori inaandikiwa kule kule inakotoka iseme uongo. Kompyuta ikiiuliza ukubwa, inajibu nane. Inapokea kila inachopewa, inaandika majina yote kwenye orodha, haikatai wala hailalamiki. Lakini nafasi ya kweli ikijaa, vinavyofuata vinaandikwa juu ya vilivyotangulia, au vinapotelea hewani, na orodha inabaki vile vile, nzuri na ndefu. Waliowekwa mwanzo ndio wanaofutwa, na mimi kwa heshima nilikuwa nimetanguliza kwaya na wazee. Nilimrudia muuzaji. Alinipokea kwa furaha, akaniuliza habari za mtoto, kisha akanionyesha lami kwa kidole.

Tukaenda hivyo hivyo Iringa, mimi na jibii yangu moja. Ilikuwa Juni, na shemeji yangu mkubwa alikuwa na sherehe ya kipaimara cha binti yake huko Kihesa. Mke wangu alikuwa ametangulia. Nikakaa dirishani, nikavaa iafoni kabla hatujatoka Uyole, kwaya ya kondakta ikaanza, sikuisikia. Mbele yangu mkanda wa kamba umening'inia, kioo kinawaka, na kila aliyepita kwenye ujia alinigusa bega kuuliza kitu hicho ni nini na kinakwendaje. Nilikuwa namjibu kila mmoja kwa ukarimu, kwa sauti kubwa, maana mwenye iafoni masikioni hajui kupima sauti yake.

Mlima Nyoka trafiki wakasimamisha basi. Mmoja akapanda. Sasa, abiria wa nchi hii anaweza kukusimulia ndoa yake, deni lake na ugonjwa wa tumbo lake kabla hamjafika kituo cha pili, lakini kuna siri moja haitoi hata kwa kiboko: mwendo wa dereva wake. Afande aliuliza dereva anakwendaje, basi zima likaitika kwa pamoja kwamba vizuri. Akawa anageuka kushuka. Ndipo macho yake yakagota kwenye waya zangu. Akasogea. Nikaona midomo inasogea, uso una tabasamu, kidole kinaelekea mbele kwa dereva, ambako ndiko ulikoelekea pia mkono wangu wenye mashine. Nikajua ni swali lile lile la wengine.

"Inakimbia sana, afande!" nikamwambia. "Tangu Uyole haijakwama hata mara moja!"

Niliitoa iafoni moja ili nisikie sifa. Nilichokisikia ni basi zima limenyamaza. Dereva akashuka na makaratasi, akakaa huko muda mrefu, akarudi bila kumtazama mtu. Kondakta yeye alinitazama.

"Mzee wa waya," akasema, "wenzako wakishuka kuchimba dawa huko mbele, wewe utachimbia Iringa."

Igurusi akapanda bibi mmoja na mfuko wa mchele, akakaa pembeni yangu, akaupakata ule mfuko. Akanisalimu, nikamwamkia. Akanitazama kitambo.

"Mwanangu, unaumwa masikio?"

"Hapana, bibi. Nasikiliza muziki."

"Peke yako?"

Aliuliza kama mtu aliyekukuta unakula gizani. Na mimi, niliyeinunua mashine ile ili nisikilize peke yangu, sikuwa na jibu. Nilichomoa iafoni ya kushoto nikampa. Akaishika kwa vidole viwili, akaikagua, akaifuta kwa kitenge, akaiweka sikioni. Kwa bahati tuliangukia mmoja wa vitu vikali vya Kabwe.

"Huyu kijana analia nini?"

"Anampenda msichana, bibi."

"Basi aende akaseme kwao."

Nikajaribu kumtafutia kwaya. Kwaya ziliitika kwa majina tu. Nikajaribu redio, na hapo tukapata faraja, ingawa redio ya mashine hizo ina masharti: antena yake ni waya wenyewe wa iafoni, kwa hiyo kila bibi alipogeuza shingo kuangalia mashamba ya mpunga, stesheni ilikuwa inaondoka. Tulikubaliana aangalie mbele tu. Kuanzia Igurusi hadi Igawa tukawa tumekaa wima, hatupindi shingo, tunasikiliza TBC Taifa kwa sikio moja moja, na abiria wa nyuma yetu, nilikuja kujua baadaye, walidhani tumegombana.

Makambako baridi ikaingia. Nani asiyeijua baridi ya Makambako ya mwezi wa sita? Kioo cha mashine kikafifia, alama ya betri ikashuka kutoka nusu hadi mstari mmoja mwekundu. Betri za lithiamu hazipendi baridi; nguvu zinakuwemo lakini hazitoki. Nilikuwa sijui hayo, bibi ndiye aliyejua.

"Imepata baridi hiyo. Ilete."

Akaichukua, akafunua kitenge cha juu, sweta, na kitenge cha pili, akaisunda huko ndani, akafunika. Ikawaka. Tatizo likawa kwamba mashine iko kwa bibi na waya uko sikioni kwangu, na waya wenyewe ulikuwa mfupi. Kutoka Makambako hadi Mafinga nilisafiri nimeinamisha kichwa begani kwa mama wa watu. Kondakta alipita akatutazama, akatikisa kichwa, akarudi kwenye Sehemu ya Kwanza yake.

Yangu mimi, Sehemu ya Pili, nilikuwa nimeihifadhia kipande cha mwisho cha safari. Bibi aliposhuka Mafinga, akaniachia mashine yenye moto na kikombe cha mchele kwa ajili ya wakwe, nikaiwasha. Ikaenda vizuri. Vinukta vya kahawia vikaingia, vikombe vikanyanyuliwa. Ifunda tukaipita, Tanangozi tukaipita. Mama wa kambo akasimama mbele ya hakimu, hakimu akavaa miwani, akafungua faili, akasema mahakama imemwona. Picha ikaganda. Hapo ndipo jibii moja ilipoishia. Basi likafika Ipogolo.

Nilipanda daladala la kupandisha mlima, nikafika Kihesa jioni. Baba mkwe ni mwalimu mstaafu, mtu wa maneno machache akiwa ameketi na maneno mengi akiwa amesimama. Alikuwa barazani na redio yake ya National, ya betri kubwa nne, imefungwa raba kuzuia mfuniko.

"Kamwene, baba."

"Kamwene. Hiyo shingoni ni nini?"

Nikaeleza. Akasikiliza maelezo, akanyoosha mkono. "Hebu na mimi niisikie dunia."

Mkwe haombwi asubiri. Nikamvalisha iafoni kwa mikono miwili, nikabonyeza, na pale pale nikasoma jina la wimbo kwenye kioo. Lilikuwa la mchanganyiko, tena ule mkali kuliko yote, ambao kijana anasimulia mambo ya chumbani kwa mpangilio, kuanzia mlangoni. Kumnyang'anya baba mkwe kitu mkononi haiwezekani. Kumwambia kuna hitilafu ni kusema uongo, kwa sababu sauti ilikuwa safi, hata mimi niliisikia kwa mbali. Nikakaa mkao wa heshima, macho chini. Yeye akausikiliza wote, uso haukutikisika. Ulipokwisha akavua iafoni, akanikabidhi.

"Huyu ana wazazi?"

"Atakuwa nao, baba."

"Wako hai?"

"Sijui, baba."

"Mungu awatie nguvu," akasema, akawasha National yake.

Kesho yake ilikuwa sherehe. Turubai, viti vya kukodi, wali, pilau, na sabufa ya shemeji kwenye meza ya mbele. Dakika ya mwisho deki ikakataa kusoma diski. Watu wakageuka kunitazama. Habari za mashine ya nyimbo mamia zilishatembea Kihesa nzima. "Anko, leta!" Nikachomeka waya kwenye sabufa, nikachagua mwenyewe, nyimbo zenye adabu nilizozikagua usiku kucha. Wa kwanza ukaenda. Wa pili ukaenda. Wa tatu, wageni wakiwa wamesimama, mikono juu, keki inaletwa, ukakatika katikati ya kiitikio na mashine ikaganda.

Kuganda kuna dawa yake. Nyuma ya mashine kuna kitundu kidogo, unachoma kwa kijiti cha meno, inazima na kuwaka upya. Nikachoma. Ikawaka. Ikawaka kwa Kichina.

Ndivyo zilivyokuwa, ukiichoma inarudia lugha ya mama yake. Nikaitazama ile menyu, nayo ikanitazama. Akaitwa kijana mmoja wa mtaani aliyewahi kubeba zege kwa wakandarasi Wachina. Alikuwa anajua maneno matatu: chakula, haraka, na la tatu ambalo baba mkwe aliamuru lisirudiwe mbele ya watoto. Mwishowe mtoto wa darasa la nne akasema yeye anakumbuka vitufe kwa kuhesabu, kama mara tatu kulia halafu katikati. Akabonyeza. Ikatokea alama nyekundu na namba zinazokimbia, sekunde moja, sekunde mbili. Tukaafikiana kwamba inajiandaa. Tukaiacha mezani ijiandae, na mshereheshaji, ili kuziba pengo, akamwomba babu wa mtoto aseme maneno mawili.

Babu akasimama. Nilishasema akisimama inakuwaje. Alianzia shule ya kwanza aliyofundisha, akapita njaa, vita vya Kagera, bei ya mahindi na umuhimu wa hesabu za kichwa, na alipofika mwisho akamgeukia mjukuu wake mwenye gauni jeupe akamwahidi mbele ya watu wote zawadi ya kuanzia maisha: mtamba mmoja kutoka zizini kwake. Vigelegele vikapasua turubai. Hakuwa amekunywa, hilo naliweka wazi mapema, ulanzi ulikuwa haujafika.

Mbeya, kijana wa Kabwe aliirudisha lugha kwa dakika moja, na ndipo tulipogundua kuwa ile alama nyekundu haikuwa ya kujiandaa. Mashine ilikuwa inarekodi. Faili lilikuwepo, refu. Tukalisikiliza nyumbani na mke wangu, iafoni moja moja: shule ya kwanza, njaa, Kagera, ikafika kwenye bei ya mahindi, betri ikaisha. Hatukuona haraka ya kuendelea. Mtamba nani angemsahau?

Kisha dunia ikahama. Zikaja simu za Kichina za laini mbili, zenye memori kadi na spika za kusikika bonde la pili, na empi foo zikaondoka shingoni mwa watu bila tangazo. Usiku wa Juni 16, 2016 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, walipozima simu bandia nchi nzima, yangu iliendelea kuwaka kabatini, kwa sababu haikuwahi kuwa simu wala kuwa na namba ya kuzimwa. Mwaka 2022 Apple nao wakatangaza mwisho wa iPod. Yangu bado inawaka, au ingewaka, kama ningekuwa na waya.

Hapo ndipo ninapoomba msaada wako, msomaji. Yule binti sasa ni mtu mzima, ana mchumba, na amemkumbusha babu yake zawadi. Babu anasema anakumbuka vizuri sana: hakusema mtamba, alisema mtetea, na kuku yuko tayari wakati wowote. Mashahidi wa Kihesa wamegawanyika kufuatana na nani anawanunulia ulanzi. Ushahidi uko ndani ya mashine yangu, kama uliangukia kwenye ile jibii ya kweli na si kwenye saba za suti. Inachajiwa kwa waya wa zamani wenye pini ya mini USB, fupi na nene, uliokuwa wa kamera za wakati huo. Siyo huu mwembamba ambao watengenezaji wa simu walikubaliana mwaka 2009, wala huu wa mviringo wa siku hizi. Wa kwangu shemeji aliuazima, na amehamia Makambako. Kama unao kwenye droo, ulete Mwanjelwa, sasa hivi soko limejengwa na ni rahisi kufika. Kikao cha mahari ni mwezi ujao, na mtamba wa mwaka 2010, kwa hesabu za kichwa za mwalimu mwenyewe, sasa angekuwa zizi zima.